Binti Aliyewahi Treni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni wanangu. Anayemenya chungwa amenye huku masikio yako kwangu. Leo sina sungura wala fisi. Nina binti wa kweli, aliyezaliwa tarehe 23 Agosti 1911 katika mji mdogo wa Riverdale, jimbo la Illinois nchini Marekani, si mbali na jiji la Chicago. Jina lake Elizabeth Robinson, lakini nyumbani na shuleni walimwita Betty, nasi tutamwita hivyo hivyo.

Kabla sijaanza niwaulize: kuwahi maana yake nini? Mmoja wenu atasema ni kufika kabla muda haujapita, kama mtu anavyowahi basi asubuhi. Mwingine atasema ni kupata kufanya jambo, kama unaposema hujawahi kupanda ndege. Wote mmepatia. Basi maana ya kwanza ishikeni kwa mkono wa kulia na ya pili kwa mkono wa kushoto, kwa sababu Betty atazihitaji zote mbili.

Betty alisoma sekondari katika mji wa jirani unaoitwa Harvey. Shule yenyewe ni Thornton Township. Kila jioni alirudi nyumbani kwa treni. Siku moja, mwanzoni mwa mwaka 1928, alichelewa kutoka. Treni ilikuwa imeshafika kituoni naye bado yuko mbali. Ndani ya behewa alikuwa ameketi mwalimu wake wa biolojia, Charles Price, anachungulia dirishani. Price hakuwa mwalimu wa biolojia tu. Alikuwa mkimbiaji zamani, na pale shuleni alisaidia kuwafundisha wavulana riadha. Akamwona yule binti anakuja mbio na sketi yake, akajisemea moyoni kwamba hawezi kuiwahi. Kumbe kidogo tu, anageuka, binti huyu hapa ndani ya behewa, anatafuta pa kukaa.

Mtu mwingine angesema, "Una bahati wewe," kisha akarudi kwenye gazeti lake. Mwalimu Price hakufanya hivyo. Alimwomba Betty abaki baada ya masomo apimwe mbio. Wakapima yadi 50, kama mita 46 hivi, na walipimia ndani ya shule, kwenye korido, katikati ya milango ya madarasa. Mwalimu alipotazama saa yake aliona kwamba macho yake hayakumdanganya siku ile ya treni.

Hapo kwenye korido nataka tusimame kidogo. Watu wakisimulia maisha ya Betty hukimbilia mambo makubwa yanayokuja mbele, na kweli ni makubwa, mtayasikia. Lakini mimi naipenda korido kuliko yote. Betty alikuwa na miaka 16. Miguu ile alikuwa nayo siku zote. Alikuwa akiwapita watoto wenzake tangu mdogo, na hakuna aliyewahi kumpima. Shule yake ilikuwa na timu ya riadha ya wavulana, ya wasichana hapana. Baadaye mwenyewe alieleza kwamba wakati ule hakujua hata kidogo kuwa kuna wanawake wanaoshindana mbio. Hebu fikirini. Mtu ana kipaji cha kuishinda dunia nzima, na hajui kwamba jambo lenyewe lipo.

Tuendelee. Tarehe 30 Machi 1928 Betty alishindana kwa mara ya kwanza, ndani ya ukumbi, yadi 60. Mpinzani wake alikuwa Helen Filkey, nyota wa Chicago aliyekuwa na rekodi kadhaa. Betty akawa wa pili. Mara ya kwanza kabisa katika maisha yake, na mbele yake yuko mmoja tu! Akachukuliwa na klabu ya riadha ya wanawake ya Illinois. Mwezi Juni wakakutana tena na Helen, safari hii uwanjani, mita 100. Betty alimshinda. Tarehe 4 Julai, mjini Newark, alikimbia kwenye mchujo wa kuchagua timu ya Olimpiki ya Marekani, akashika nafasi ya pili nyuma ya Elta Cartwright. Nafasi ya pili ilitosha. Miezi mitatu tu na siku chache tangu ashindane kwa mara ya kwanza, mtoto wa shule anapanda meli kwenda Ulaya.

Naona mkono umenyooshwa kule nyuma. Swali zuri: kwa nini mwaka ule? Kabla ya hapo wasichana hawakuwa na mbio?

Walikuwa nazo, lakini Olimpiki haikuwataka. Michezo ya Olimpiki ya kisasa ilianza Athens mwaka 1896, na mwaka ule hakuruhusiwa mwanamke hata mmoja. Mwasisi wake, Mfaransa Pierre de Coubertin, aliamini kwamba uwanja ni wa wanaume, na kazi ya wanawake ni kuwapigia makofi. Polepole milango ikafunguka nusu. Mwaka 1900 wanawake wakacheza tenisi na gofu. Mwaka 1912 wakaingia kuogelea. Lakini kukimbia, kuruka na kurusha, ile riadha ambayo ndiyo moyo wa Olimpiki, mlango ulibaki na komeo. Madaktari wa wakati ule waliandika kwamba mwili wa mwanamke utaharibika kwa mbio. Wanawake wale wale walikuwa wakibeba maji na kuni, wakilima, wakifua nguo za watu ishirini, na hakuna daktari aliyewaambia wapumzike.

Aliyeligonga komeo lile mpaka likalegea ni mama mmoja wa Kifaransa, Alice Milliat. Kumbukeni jina hilo. Alipowaomba wakuu wa Olimpiki wawaingize wanawake kwenye riadha, wakakataa. Basi Milliat na wenzake wakaunda shirikisho lao la kimataifa mwaka 1921, na mwaka uliofuata wakaandaa michezo yao wenyewe mjini Paris. Watazamaji walijaa kwa maelfu. Mwaka 1926 wakarudia Gothenburg, nchini Sweden. Wakuu wa Olimpiki wakaona wakiendelea kukataa, akina mama watakuwa na michezo yao kabisa, wala hawatawahitaji. Ndipo wakakubali kwa shingo upande: mwaka 1928, Amsterdam, wanawake wapewe mashindano matano ya riadha kwa majaribio. Mita 100, mita 800, kuruka juu, kurusha kisahani, na kupokezana vijiti mara nne mita 100. Matano tu, wakati wanaume wana zaidi ya ishirini. Wanariadha wanawake wa Uingereza walikasirika, wakagoma, hawakwenda.

Kwa hiyo mnaona, wanangu. Betty aliiwahi treni ya Harvey, lakini kuna treni nyingine kubwa zaidi aliyoiwahi bila kujua. Mwalimu Price angemwona miaka minne mapema, mlango wa Olimpiki ungekuwa bado umefungwa. Alipofika kituoni, akina Milliat walikuwa wameshaisimamisha.

Meli iliyowabeba Wamarekani iliitwa President Roosevelt, na mkuu wa msafara alikuwa jenerali, Douglas MacArthur. Kwenye sitaha walitandikiwa njia ya kukimbilia, wanariadha wakafanya mazoezi huku bahari inawayumbisha. Uwanja wa Amsterdam ulikuwa mpya, na mwaka ule kwa mara ya kwanza moto wa Olimpiki uliwashwa juu ya mnara na kuachwa uwake muda wote wa michezo.

Msidhani njia za mbio zilikuwa kama hizi mnazoziona kwenye televisheni, nyekundu, laini, zinazodunda kama mpira. Zilikuwa za mabaki ya makaa ya mawe yaliyosagwa na kushindiliwa. Ukianguka, goti linatoka jeusi na damu juu yake. Wala hapakuwa na vile vyuma vya kukanyagia wakati wa kuanza. Kila mkimbiaji alikuja na kijiko cha kuchimbia, kama kile cha bustanini, akajichimbia vishimo viwili nyuma ya mstari, kimoja cha mguu wa mbele, kingine cha mguu wa nyuma. Ukivichimba vibaya, umeshachelewa kabla ya bastola kulia.

Tarehe 31 Julai 1928 ndiyo siku ya fainali. Wamebaki sita: Wakanada watatu, Wajerumani wawili, na Mmarekani mmoja, Betty. Hata Elta Cartwright, aliyemshinda Newark, alikuwa ameshatolewa. Husimuliwa kwamba Betty alipofungua mfuko wake alikuta amebeba viatu viwili vya njumu, vyote vya mguu wa kushoto, ikabidi kukimbilia cha kulia. Ama kweli binti huyu hakuwahi kufika mahali bila kukimbia.

Wakachimba vishimo vyao. Wakainama. Kabla bastola haijalia, Myrtle Cook wa Kanada akachomoka. Wakarudishwa. Wakainama tena, na kosa jingine likatokea, na jingine tena. Sheria ya wakati ule ilisema ukikosea mara mbili, umetoka. Cook akatolewa. Alikuwa miongoni mwa waliotarajiwa kushinda, maana alikuwa amekimbia sekunde 12.0 siku chache tu kabla ya safari. Akakaa pembeni kwenye nyasi akalia, na alilia kwa muda mrefu. Kisha Leni Schmidt wa Ujerumani naye akakosea mara ya pili, akatolewa. Kati ya sita wakabaki wanne.

Hebu jiwekeni mahali pa Betty. Una miaka 16, bado wiki tatu na ushee utimize 17. Uko mbali na mama yako. Umeinuka na kuinama mara kadhaa, moyo unapiga ngoma, na wawili kati ya wenzako wametolewa. Wangapi wetu tungeweza kutulia?

Bastola ikalia. Betty na Fanny Rosenfeld wa Kanada wakatoka wakaenda sambamba. Rosenfeld alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chokoleti mjini Toronto, hodari wa kila mchezo uliowekwa mbele yake, mwenye nguvu kama mwendesha mtumbwi. Wamefika mita 50, hakuna anayemzidi mwenzake. Wamefika mita 80, bado. Wakaingia kwenye utepe karibu pamoja, kiasi kwamba wapo Wakanada walioamini kwamba mwenzao ndiye aliyeugusa kwanza. Waamuzi walikuwa na macho na saa za mkononi basi. Wakaamua: Betty Robinson, sekunde 12.2, wa kwanza. Rosenfeld wa pili. Ethel Smith, Mkanada mwingine, wa tatu.

Hapo ndipo ile maana ya pili inapoingia. Hakuna mwanamke aliyewahi kushinda mbio za mita 100 za Olimpiki kabla ya siku hiyo. Betty ndiye wa kwanza, na hizo ndizo zilikuwa mbio za kwanza kabisa za wanawake kufika fainali katika riadha ya Olimpiki. Ilikuwa miezi minne tangu mashindano yake ya kwanza. Siku chache baadaye alikimbia mbio za kupokezana vijiti pamoja na Mary Washburn, Jessie Cross na Loretta McNeil, wakapata medali ya fedha. Dhahabu ilikwenda kwa Wakanada. Myrtle Cook na Fanny Rosenfeld walikuwemo kwenye timu hiyo, nami nafurahi kila ninapolikumbuka hilo, kwa ajili ya yule aliyekaa kwenye nyasi akilia.

Kuna jambo jingine lililotokea Amsterdam, na lazima niwaambie, ingawa halimhusu Betty moja kwa moja. Zilikuwepo mita 800. Mjerumani Lina Radke alishinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, rekodi ya dunia. Walipomaliza, baadhi ya wakimbiaji walijilaza chini kwa uchovu. Mmeshawahi kukimbia mizunguko miwili ya uwanja kwa nguvu zenu zote? Mlifanya nini mlipomaliza? Mlijilaza. Wanaume nao hujilaza. Lakini magazeti yakaandika kwamba wanawake wamezimia ovyo uwanjani, kwamba ni mandhari ya kutisha, kwamba mbio hizo zitawazeesha. Wakuu wakasikiliza magazeti, wakazifuta mita 800 za wanawake. Hazikurudi hadi Rome mwaka 1960. Miaka 32! Wasichana wangapi walizaliwa, wakakua, wakapita umri wa kukimbia, kwa sababu ya habari ya uongo? Na mbio hizo hizo ndizo zilizompa Pamela Jelimo, binti wa Kenya mwenye miaka 18, medali ya dhahabu mjini Beijing mwaka 2008, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Kenya. Mnakumbuka alivyokuwa akiondoka mapema na kuwaacha wenzake? Sikuona aliyezimia.

Betty alirudi nyumbani shujaa. New York wakamshangilia, Chicago wakamshangilia, Riverdale wakatoka nje wote kumpokea. Magazeti yaliandika mno juu ya tabasamu lake na nywele zake, kidogo juu ya mbio. Yeye akarudi kumaliza shule, kisha akaingia chuo kikuu cha Northwestern. Alitaka kuwa mwalimu wa michezo. Na jicho lake lilikuwa kwenye Olimpiki ya 1932, safari hii nyumbani kwao Marekani, mjini Los Angeles.

Sasa shikaneni mikono.

Jumapili ya tarehe 28 Juni 1931 joto lilikuwa kali. Betty alitamani kwenda kuogelea apoe, lakini kocha wake alikuwa amemkataza kuogelea ili misuli ya mbio isiharibike. Binamu yake alikuwa na ndege ndogo. Betty akamwomba waruke kidogo, wapate upepo wa juu. Wakapaa. Haukupita muda injini ikashindwa, ndege ikapinda pua, ikaanguka moja kwa moja kwenye shamba la matope.

Kisa kinavyosimuliwa, mtu mmoja aliyefika pale alimkuta Betty hana fahamu, paji la uso limepasuka, mkono na mguu vimevunjika. Akadhani amekufa. Akampakia kwenye buti la gari lake, akampeleka kwa mtu wa kuandaa maiti kwa mazishi. Na huyo mwandaa maiti ndiye aliyegundua kwamba binti bado anapumua.

Nyamazeni kidogo mfikirie hilo. Angekuwa mtu mwenye haraka, hadithi yetu ingeishia hapo.

Madaktari walimuunga mifupa na kumtia chuma mguuni. Binamu yake naye alinusurika. Walimwambia Betty kwamba huenda asitembee tena sawasawa, na mbio asahau. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu kwa miezi. Mguu uliovunjika ulipopona ulikuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Ilimchukua kama miaka miwili kutembea kama watu wengine. Olimpiki ya Los Angeles ikaja, ikapita, yeye hayumo. Binti aliyezoea kuwahi kila kitu, safari hii treni ilimwacha.

Wengi hupenda kusema hapa kwamba Betty alikuwa na moyo wa chuma, kisha wanaruka hadi ushindi. Mimi sipendi kuruka. Hakuinuka siku moja asubuhi akakimbia. Alijifunza kusimama. Akajifunza kutembea hatua moja, halafu kumi. Kisha akatembea barabarani, kisha akajaribu kukimbia polepole. Maumivu yalikuwepo kila siku, na hakuna aliyekuwa akipiga makofi. Miaka ile Marekani ilikuwa kwenye dhiki kubwa ya uchumi, watu hawana kazi, nani angekumbuka bingwa wa mwaka 1928?

Alipoanza tena kukimbia kwa kasi, kulikuwa na kikwazo kimoja kisichoondoka. Goti lake halikukunjika vya kutosha. Hakuweza kuinama kwenye mstari wa kuanzia kama wenzake. Na mbio za mita 100 zinaanzia chini. Mtu anayeanza amesimama, mbele ya wale wanaochomoka kutoka kwenye vishimo, ameshapoteza. Basi mita 100 kwake zikawa zimefungwa kabisa.

Mnaojua mbio za vijiti, nisaidieni. Wanakimbia wangapi? Wanne. Wangapi wanainama? Mmoja! Yule wa kwanza peke yake. Wa pili, wa tatu na wa nne wanapokea kijiti wakiwa wamesimama. Mmeona? Katika mchezo wote ule wa mbio fupi kulikuwa na nafasi tatu za mtu asiyeweza kupiga goti, na Betty akaitafuta mojawapo. Mwaka 1936 alichaguliwa kwenye timu ya kupokezana vijiti ya Marekani, kwenda Olimpiki ya Berlin. Alikuwa na miaka 24.

Berlin wakati ule ilitawaliwa na Adolf Hitler na chama chake cha Nazi, waliotaka kuionyesha dunia kwamba taifa lao ni bora kuliko mengine yote. Ndiyo Olimpiki ile ile ambayo Jesse Owens, Mmarekani mweusi, alishinda medali nne za dhahabu mbele ya macho yao. Dhahabu yake ya nne aliipata tarehe 9 Agosti. Mbio za vijiti za wanawake zilikuwa siku hiyo hiyo.

Wajerumani walikuwa hatari. Siku moja kabla, kwenye mchujo, walikuwa wameweka rekodi ya dunia, sekunde 46.4. Marekani walipanga hivi: Harriet Bland aanze, ampe Annette Rogers, Annette ampe Betty, Betty ampe Helen Stephens. Helen alikuwa binti wa shamba kutoka Missouri, mrefu, mwenye miaka 18, na alikuwa ameshinda mita 100 siku chache nyuma. Duniani hapakuwa na mwanamke mwenye kasi kama yeye.

Betty alipewa zamu ya tatu, ile ya kwenye kona. Na nani alikimbia zamu ya tatu kwa Ujerumani? Marie Dollinger. Jina hilo hamjalisikia, lakini alikuwa Amsterdam mwaka 1928, kwenye fainali ya zile mita 800 zilizofutwa. Mbio zake zilichukuliwa, akahamia mbio fupi. Basi kwenye kona ile ya Berlin walikuwemo wawili waliotoka Amsterdam pamoja, mmoja amevunjwa na ndege, mwingine amenyang'anywa mbio zake, na wote wawili wanakimbia.

Wajerumani waliongoza tangu mwanzo. Dollinger alipokaribia kutoa kijiti cha mwisho, alikuwa mbele ya Wamarekani kwa mita nane hivi. Watu karibu laki moja wamesimama. Betty anamaliza kona, mguu ule mfupi unagonga makaa, anamfikia Helen, anampa kijiti mkononi, safi. Upande wa pili, Dollinger anampa Ilse Dörffeldt, na Ilse anapotaka kukishika vizuri kijiti kinamponyoka. Kinaanguka chini. Ilse anashika kichwa kwa mikono miwili.

Helen Stephens akapita kama upepo wa kusi. Marekani sekunde 46.9, dhahabu. Uingereza ya pili, Kanada ya tatu.

Sitawadanganya, Wajerumani wangekishika kijiti chao pengine Marekani wasingeshinda. Helen aliamini angemkamata Ilse, na huenda ni kweli, lakini mita nane ni nyingi. Hata hivyo kupokezana ni nusu ya mbio hizo. Anayekabidhi kijiti salama amefanya kazi yake yote. Betty alikabidhi. Medali ile si zawadi ya kosa la Ilse, na anayesema hivyo hajawahi kujaribu kutoa kijiti akiwa kwenye kasi, na wakati ule eneo la kupokezana lilikuwa mita 20 tu.

Baada ya Berlin Betty aliacha kushindana. Mwaka 1939 aliolewa na Richard Schwartz, wakapata watoto wawili. Hakuuacha uwanja. Miaka mingi alikuwa mpima muda kwenye mashindano, amesimama kwenye utepe na saa mkononi, kama mwalimu Price kwenye ile korido. Mwaka 1977 aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya wanariadha wa Marekani. Mwaka 1996, ana miaka 84, aliubeba mwenge wa Olimpiki ulipokuwa njiani kwenda Atlanta.

Na Marie Dollinger? Alizaa binti, Brunhilde Hendrix. Mwaka 1960, Rome, mwaka ule ule zilipofunguliwa tena mita 800 za wanawake, Brunhilde alishinda medali ya fedha kwa Ujerumani katika mbio za kupokezana vijiti.

Betty Robinson alifariki tarehe 18 Mei 1999 huko Colorado, akiwa na miaka 87. Mpaka leo hajatokea mwanamke aliyeshinda mita 100 za Olimpiki akiwa na umri mdogo kuliko wake.